Zahanati Si Fidia: Mwongozo kwa Kijiji Kilichofikiwa na Kampuni ya Nishati

Fedha za kampuni ya mafuta, gesi au umeme humfikia mwananchi kwa njia nne, na njia hizo hazina undugu. Ya kwanza ni fidia ya ardhi, nyumba na mazao. Ya pili ni kodi, mrabaha na ushuru unaokwenda Hazina na halmashauri. Ya tatu ni gharama ya kurekebisha uharibifu, bomba likipasuka au kisima kikiingia mafuta. Ya nne, ambayo kwa kawaida ni ndogo lakini ndiyo inayoonekana kuliko zote, ni madawati, zahanati, pampu ya maji na jezi za timu ya kata, vyote vikiwa na nembo ya kampuni. Hiyo ya nne ndiyo maofisini huitwa CSR, uwajibikaji wa kampuni kwa jamii.

Shida ni kwamba hiyo ya nne ndiyo inayopigiwa vigelegele. Mgeni rasmi anafika, utepe unakatwa, picha zinatoka gazetini, na mzee ambaye fidia yake haijalipwa tangu shamba lake lipimwe anaambiwa ashukuru kwa kuwa mjukuu wake sasa hakai chini darasani. Sisemi msaada ukataliwe. Dawati lipokelewe na asante itolewe. Ila dawati halipunguzi hata shilingi moja ya fidia, halilipi ushuru wa halmashauri, wala halisafishi mto. Mwananchi anayejua kila fedha imetoka njia ipi hawezi kuzungushwa kirahisi.

Nani hasa amekuja?

Kizibao cha rangi ya chungwa hakikuambii mengi. Anayepima ardhi anaweza kuwa wa kampuni ya ushauri, anayechimba mtaro wa mkandarasi, dereva wa mkandarasi mdogo, na mwenye mradi mwenyewe hajawahi kukanyaga kijijini. Chukua Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Sehemu yake kubwa iko Tanzania, ikikatiza mikoa minane: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Jina lililo kwenye kibao ni EACOP, lakini nyuma yake wapo wanahisa wanne: TotalEnergies ya Ufaransa yenye asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda UNOC asilimia 15, TPDC ya Tanzania asilimia 15, na CNOOC ya China asilimia 8.

Kwa mkulima ambaye mkuza wa bomba umepita shambani kwake, hesabu hiyo ina maana mbili. Serikali anayoiendea kulalamika ina hisa, kupitia shirika lake, kwenye mradi anaoulalamikia. Na mwenye hisa kubwa kuliko wote ana makao makuu Ufaransa, kwa hiyo anabanwa na sheria za huko pia. Yote mawili yatakuwa na kazi yake siku ya malalamiko.

Basi siku ya kwanza, kabla ya kigingi chochote kusimikwa, mwenyekiti na mtendaji wa kijiji waombe barua ya utambulisho kutoka halmashauri, jina kamili la kampuni iliyosajiliwa, na jina na simu ya afisa wa jamii atakayejibu maswali. Kila ahadi iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, isomwe kwa sauti kabla ya watu kutawanyika, isainiwe na kupigwa muhuri, kisha nakala ibaki kijijini. Ahadi ya ajira, ya barabara, ya kurudisha udongo wa juu mahali pake baada ya mtaro kufukiwa: isipokuwa kwenye muhtasari, mwaka kesho itakuwa porojo tu. Maafisa wa jamii huhamishwa. Anayekuja baada yao husema hakuikuta ahadi hiyo ofisini, na mara nyingi anasema kweli.

Mkutano mwingine wa kuukamia ni ule wa kutoa maoni kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Wengi huuona kama kikao cha soda na posho. Waulizeni watu wa Lamu. Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kenya, NET, ilifuta leseni ya mazingira ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika, lakini kabla ripoti ya tathmini haijakamilika. Watu waliombwa maoni juu ya kitu wasichokiona. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kikao hicho ni fupi: ripoti iko wapi, na tumepewa siku ngapi za kuisoma?

Fidia: soma fomu mstari kwa mstari

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kuiba. Mthamini anafika asubuhi, anahesabu miti, anapima nyumba kwa futi kamba, anakupiga picha ukiwa umeshika kibao cha namba mbele ya mali yako, kisha anakupa kalamu. Wengi husaini wakiangalia jumla tu.

Kwa Tanzania, Sheria za Ardhi za 1999 zilifuta ule mtazamo wa zamani kwamba ardhi isiyoendelezwa haina thamani. Kanuni za fidia za 2001 zikaeleza vitu vinavyopaswa kuingia: thamani ya soko ya ardhi na kilichomo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Hivyo vitatu vya mwisho havilipwi kwa ardhi ambayo hakuna anayeikalia, na hapo ndipo mabishano huanzia. Mwenye kibanda cha shambani anacholala msimu wa kulinda mahindi ajieleze mapema, na majirani wawepo kushuhudia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Nyumba na kiwanja vimethaminiwa shilingi 12,000,000. Posho ya makazi ni kodi ya pango ya nyumba ya namna hiyo kwa miezi 36. Kama nyumba kama hiyo hapo kijijini inapangishwa shilingi 40,000 kwa mwezi, posho ni shilingi 1,440,000. Posho ya usumbufu hupatikana kwa kuzidisha thamani ya mali na wastani wa riba ya amana za muda maalumu katika benki za biashara. Ikiwa asilimia 6, ni shilingi 720,000. Posho ya usafiri ni gharama ya kuhamisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20; tuseme shilingi 300,000. Jumla inafika shilingi 14,460,000. Fomu ikionyesha milioni 12 peke yake, mwenye nyumba amepungukiwa shilingi 2,460,000, fedha ya kuezeka nyumba mpya.

Mazao huhesabiwa mche kwa mche, kwa viwango elekezi vya Mthamini Mkuu wa Serikali. Umri wa mti ni pesa: mkorosho unaozaa haulingani na mche wa juzi. Tembea na mthamini, hesabu naye, na wewe uwe na daftari lako. Makaburi yana utaratibu wake wa fidia na wa kuhamisha; mwonyesheni yote, hata yasiyojengewa, maana kaburi la udongo lililomea nyasi mgeni halioni.

Kabla ya kusaini, piga picha kila ukurasa kwa simu. Kama simu yako ni ya tochi, mwite kijana mwenye simu janja. Mume na mke wawepo wote. Mradi unaojali huwashauri wafungue akaunti ya pamoja, na ninavyoona ushauri huo ufuatwe hata pale ambapo hakuna anayeutoa, kwa sababu fidia iliyoingia kwenye akaunti ya mtu mmoja imevunja nyumba nyingi kuliko greda.

Ipo pia ngazi ya juu ya sheria za nchi. Miradi mikubwa inayotafuta mikopo nje huahidi kufuata viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, na EACOP iliahidi hivyo hadharani. Kiwango cha tano cha IFC kinataka fidia itoshe kununua au kujenga kingine kama kile ulichopoteza, bila kukatwa uchakavu. Nyumba ya tope ya miaka 20 sokoni ni ya bei ndogo, lakini kujenga nyingine leo si bei hiyo. Kiwango hicho kinamtambua pia asiye na hati: hatalipwa ardhi, ila atalipwa alichojenga na kupanda, na kusaidiwa kuanza upya. Sheria ya nchi na kiwango cha IFC vikitofautiana, mwombeni afisa wa jamii aandike kwenye barua ni kipi kinatumika. Mradi uliojifunga kwa viwango vya IFC hauwezi kujificha nyuma ya sheria iliyo chini yake.

Kati ya kupimwa na kulipwa

Kila uthamini una tarehe ya ukomo. Kilichopandwa au kujengwa baada ya hapo hakihesabiwi. Kanuni za Tanzania zinataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita, na ikichelewa iongezewe riba. Miradi mikubwa hupitisha muda huo mara kwa mara.

Kwenye mradi wa mafuta wa Uganda na bomba lake la EACOP, mashamba mengi yalithaminiwa miaka ya 2018 na 2019, na malipo ya wengi yakafika miaka kadhaa baadaye. Shirika la Human Rights Watch liliandika habari zao Julai 2023: familia zilizoacha kupanda kahawa na migomba kwa sababu ziliambiwa ardhi imeshachukuliwa, kisha zikakaa misimu kwa misimu bila ardhi wala fidia. Nyongeza ya ucheleweshaji ilitolewa, lakini wengi walikuta bei ya shamba jirani imepanda zaidi ya nyongeza hiyo. Hasara ya kusubiri haina mstari wake kwenye fomu, na kwa maoni yangu ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

La kufanya? Ombeni kwa maandishi ruhusa ya kuendelea kulima mazao ya msimu hadi siku ya malipo. Mahindi, maharage, viazi, alizeti: vinavunwa na kuondoka. Jibu la mdomo la “msiguse” lisikubaliwe. Mwambieni aliandike na atie saini. Wengi hawataandika, kwa sababu barua hiyo ni ushahidi wa hasara mtakayodai. Wekeni pia kumbukumbu ya kila mwezi unaopita baada ya ule wa sita.

Ushuru, mrabaha na ule mfuko wa madawati

Ushuru wa huduma ndio fedha ya nishati iliyo karibu zaidi na kijiji, na ndiyo isiyoulizwa. Kampuni huulipa kwa halmashauri kutokana na mauzo yake. Kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa asilimia 0.3. Kiulizeni upya kila mwaka wa fedha, maana sheria za kodi huguswa kila Juni. Halmashauri ya Kilwa imekuwa ikiupata kwa ajili ya gesi ya Songo Songo, inayozalisha umeme wa Dar es Salaam tangu 2004. Asilimia hiyo inaonekana kiduchu, lakini ni ya mauzo, haingoji kampuni ipate faida, na kwenye mauzo ya gesi haikosi kuwa fedha ya maana. Diwani ndiye wa kuulizwa: mwaka huu zimeingia ngapi, na zimekwenda wapi? Swali liulizwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na jibu liingie kwenye muhtasari.

Kenya iliweka hesabu yake wazi zaidi. Sheria ya Petroli ya 2019 inagawa sehemu ya serikali katika mafungu matatu: asilimia 75 serikali kuu, asilimia 20 kaunti, asilimia 5 jamii ya eneo. Umeme wa jotoardhi una mgawo kama huo wa mrabaha katika Sheria ya Nishati ya mwaka huohuo. Kwa hiyo Turkana kwenye mafuta au Naivasha kwenye jotoardhi, swali la maana linahusu ile asilimia tano: mfuko wake umeundwa, na wadhamini ni akina nani?

Hata CSR yenyewe si hisani tupu. Sheria ya Petroli ya Tanzania ya 2015 inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa CSR, akubaliane na halmashauri, na mpango huo ufuate vipaumbele vya wenyeji. Halmashauri nayo inatakiwa iandae miongozo, isimamie utekelezaji na kuwaeleza wananchi. Ndiyo kusema kijiji kina haki ya kuuliza mpango wa mwaka huu unasemaje, na kina nafasi ya kupeleka vipaumbele vyake kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla bajeti haijafungwa. Msipopeleka, kampuni itachagua kinachopendeza kwenye picha. Jengo la zahanati hupendeza. Mshahara wa muuguzi, dawa na mafuta ya jenereta havipigiki picha, na bila hivyo jengo huishia kuwa ghala la mahindi. Kabla ya kukubali jengo, pateni barua ya halmashauri inayosema nani ataliendesha.

Yaliyotokea Mtwara 2013 yanaonyesha ukimya unavyogharimu. Watu wa kusini walikuwa wameaminishwa kwamba gesi yao italeta viwanda kwao, wakasikia linajengwa bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Januari yakazuka maghasia, na Mei yakarudi, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilipokuwa inasomwa bungeni. Watu walikufa na mali ikateketea. Bomba lilimalizika 2015. Maelezo ya nini kingebaki Mtwara na nini kingekwenda Dar yalikuja yamechelewa, tena kwa sauti ya askari.

Kuhusu ajira nitasema machache. Kazi nyingi za vibarua ni za wakati wa ujenzi, na bomba likishafukiwa halihitaji watu wengi. Mwenye biashara ndogo afanye hima kujisajili kwenye kanzidata ya watoa huduma wazawa ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na asipeleke hata gunia moja la mchele kambini bila oda ya maandishi inayoonyesha siku ya malipo. Mkandarasi mdogo akikimbia na deni, mwenye mradi atakuambia hakujui. Mama lishe wengi wamefilisika kwa njia hiyo.

Nishati safi nayo haisameheki. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana huko Loiyangalani una mitambo 365 na megawati 310, nao umekaa kwenye eneo la ekari 150,000 la malisho ya wafugaji. Oktoba 2021 mahakama iliyokaa Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha utaratibu. Mtambo wa upepo hautoi moshi, lakini unasimama juu ya ardhi ya watu, na maswali ya fidia ni yaleyale.

Bomba likipasuka: somo la Bodo

Hakuna kisa kinachofundisha kuliko cha Bodo, jamii ya wavuvi katika eneo la Ogoni, Nigeria. Mwaka 2008 bomba la kampuni tanzu ya Shell lilipasuka na mafuta yakamwagika kwenye hori na mikoko; likavuja tena kwa mara ya pili kabla mwaka mmoja haujaisha. Samaki wakafa, kaa na chaza wakaisha, mikoko ikakauka.

Ubishi wa kwanza ulikuwa wa tarehe. Wananchi walisema mafuta yalianza kutoka mwishoni mwa Agosti. Kampuni iliandika kwamba yalianza tarehe 5 Oktoba. Bomba likazibwa tarehe 7 Novemba. Pigeni hesabu: kwa tarehe ya kampuni ni kiasi cha mwezi mmoja, kwa tarehe ya wananchi ni zaidi ya miezi miwili. Kwa tofauti hiyo peke yake wingi wa mafuta yaliyomwagika unaongezeka maradufu, na fidia pamoja nao. Fomu ya ukaguzi ndiyo iliyobeba tarehe ya kampuni, na tarakimu zake ndizo zilizotumika kwa miaka.

Kisha ukaja msaada. Mei 2009 kampuni iliwapelekea magunia 50 ya mchele, 50 ya maharage, 50 ya gari, ule unga wao wa muhogo, pamoja na sukari, nyanya za kopo na mafuta ya kupikia, kwa jamii ya maelfu ya watu. Baadaye ikatajwa ofa ya pauni 4,000 kwa jamii nzima. Watu wa Bodo walikataa, wakatafuta mawakili London. Januari 2015, kesi ikiwa mbioni kusikilizwa, Shell ilikubali kulipa pauni milioni 55: milioni 35 kwa watu binafsi wapatao 15,600 na milioni 20 kwa jamii. Katika nyaraka za kesi kampuni ilikiri kwamba kiasi cha mafuta kilichomwagika kilikuwa kikubwa kuliko ilivyokuwa ikisema.

Kwa kijiji chochote kilicho kando ya bomba, kisima cha gesi au bohari la mafuta, Bodo inafundisha mambo ya kufanya saa ileile ya ajali, baada ya kuwaondoa watu na kuzima kila moto. Mtendaji aandike tarehe na saa kwenye rejesta ya kijiji, na mashahidi wasaini. Taarifa ipelekwe siku hiyohiyo kwa kampuni, kwa NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na kwa EWURA, kwa njia inayobakiza alama: barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, au ujumbe wa simu usiofutwa. Wakija kukagua, wawakilishi wa kijiji waende nao hadi kwenye tundu lenyewe na wapige video. Sampuli ya maji ichotwe chupa mbili mbele ya wote. Moja ya kampuni, moja ya kijiji, zote zimefungwa na kuandikwa. Na fomu ya ukaguzi ikiwa na tarehe msiyokubaliana nayo, andikeni pingamizi hapohapo kwenye fomu, juu ya saini zenu. Chakula cha msaada kikifika, kipokeeni mkiwa na njaa, ila karatasi ya kupokelea isomwe kwanza: isiwe na sentensi ndogo chini inayosema hamna madai mengine.

Pa kulalamika, na muda unaokimbia

Anzia kwa kampuni yenyewe. Mradi wenye viwango una utaratibu wa malalamiko, na kila lalamiko linatakiwa kupewa namba. Namba hiyo ni mali. Bila namba hukulalamika. Jibu lisiporidhisha, suala la thamani liende kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, la mazingira NEMC, na la sheria mahakamani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka watoa msaada waliosajiliwa, wakiwamo wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, ni mlango mwingine.

Mlango ambao vijiji vingi havijui ni wa mkopeshaji. Huko Olkaria, Kenya, familia za Wamaasai zilihamishwa 2014 kupisha mradi wa jotoardhi wa kampuni ya umeme ya KenGen uliokopeshwa na Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Zilipoona ahadi hazikutimizwa, zililalamika kwa benki hizo mbili, si kwa kampuni tu. Benki zikaleta wapatanishi, na 2016 yakasainiwa makubaliano kati ya wananchi na KenGen. Benki haitaki jina lake liambatane na kilio. Kwa hiyo ulizeni mapema: nani ameukopesha mradi huu? Jina la benki liandikwe kwenye jalada la kijiji.

Mahakama za mbali zipo, lakini ni ndefu. Wakulima wanne wa Nigeria walifungua kesi The Hague 2008 dhidi ya Shell. Hukumu ya rufaa iliyowapa haki ilitoka Januari 2021, na Desemba 2022 kampuni ikakubali kulipa euro milioni 15. Ufaransa ina sheria ya 2017 inayozitaka kampuni zake kubwa zizuie madhara ya haki za binadamu na mazingira hadi kwenye kampuni tanzu zilizo nje. Kesi ya kwanza dhidi ya TotalEnergies kuhusu Uganda, iliyofunguliwa 2019, ilikwama Februari 2023 kwa sababu za utaratibu. Juni mwaka huo wananchi 26 wa Uganda, pamoja na mashirika, wakafungua nyingine wakidai fidia.

Mahakama ya Afrika Mashariki ya Arusha nayo ina somo chungu. Mashirika ya kiraia yaliipeleka EACOP huko Novemba 2020. Novemba 2023 majaji walisema kesi imechelewa, ilitakiwa kuja tangu 2017. Mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi miwili tu tangu kitendo kitokee au tangu akijue. Kesi ikaanguka kabla hoja zake hazijasikilizwa. Mkiona mkataba umesainiwa au amri imetangazwa, siku ya kumwona wakili ni wiki hiyo.

Kampuni ikiuza na kuondoka

Kampuni iliyoingia siyo kila mara inayobaki. Machi 2025 Shell ilikamilisha kuuza biashara yake ya mafuta ya nchi kavu Nigeria kwa kundi la Renaissance, huku mabishano ya nani atasafisha maeneo yaliyochafuka yakiendelea. Mwaka huohuo kampuni ya Tullow ikauza mali zake za Kenya, pamoja na visima vya Turkana, kwa Gulf Energy. Kwa mfugaji wa Lokichar huko Turkana, kijana aliyeahidiwa kazi au mama aliyeahidiwa maji, aliyetoa ahadi ameshapanda ndege.

Tetesi za kuuza zikianza, kijiji kiandae orodha moja ya madai yote ambayo hayajaisha: namba ya lalamiko, tarehe, jina la mdai, kinachodaiwa, na nakala ya muhtasari wenye ahadi. Orodha iende kwa anayeuza, kwa anayenunua na kwa mamlaka inayoidhinisha mauzo kabla idhini haijatoka. Nakala apewe mbunge. Ombeni jibu la maandishi kutoka kwa mnunuzi kwamba amerithi madeni pamoja na mali. Ulizeni pia kuhusu mfuko wa kuondoa mitambo na kurudisha ardhi katika hali yake, ambao Sheria ya Petroli ya Tanzania inautambua: una kiasi gani leo, uko benki gani, na ni nani wenye saini ya kuutoa.